Magemu ya vurugu kwa watoto: tukataze, tuweke mipaka au tukae nao wakicheza?

Mzazi anayeuliza kama amzuie mtoto kucheza magemu ya kupigana na kuuana hupewa majibu mawili yasiyopatana. La kwanza humtaka aondoe nyumbani kila gemu lenye bunduki. La pili humwambia atulie, kwani watoto wamecheza vita kwa vijiti tangu zamani na wakakua salama. Yote mawili yanaruka swali la msingi: mzazi huyo anaogopa nini hasa?

Yuko anayeogopa mtoto atakuwa mgomvi. Yuko anayeogopa ndoto za kutisha. Mwingine damu ya kwenye skrini haimsumbui sana. Kinachomsumbua ni sauti za watu wazima asiowajua wanaoongea na mwanawe wakati wa mchezo. Mwingine anaona tu kwamba mtoto halali, masomo yamedorora, na akiambiwa azime anapandwa na hasira. Hofu hizi nne haziondolewi na hatua moja. Kuweka saa kunasaidia usingizi lakini hakugusi kinachoonekana kwenye skrini. Kuondoa gemu la damu hakumzuii mtu baki kuzungumza na mtoto ndani ya gemu la katuni.

Kwa hiyo nalinganisha njia tano nikiangalia kila moja inazuia nini na inapigwa chenga wapi. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anaposoma: kwa mtoto mdogo, katazo la wazi linafaa, kwa aliyevuka miaka tisa au kumi, mzazi kuwa karibu na mchezo wenyewe kunazidi kifungo chochote cha kwenye mashine (yaani mpangilio wa kumzuia mtoto), mradi lebo ya umri, ile alama inayoonyesha gemu linafaa kuanzia umri gani, na mazungumzo ya mtandaoni vimeshughulikiwa kwanza.

Tafiti zinaonyesha nini

Mwaka 2015 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilitoa azimio kwamba kucheza magemu ya vurugu kunahusiana na ongezeko la uchokozi. Machi 2020 kililipitia upya. Kikasema uhusiano mdogo upo na matendo kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuyafanya magemu kuwa chanzo cha vurugu za kweli, na kwamba kuyasingizia huwafanya watu wasitazame sababu nyingine, kama vile historia ya mtu kufanya vurugu.

Watafiti wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2018 jarida la PNAS lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 24 zenye washiriki zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa kwa muda. Waliocheza zaidi magemu ya vurugu walionyesha ongezeko dogo la uchokozi wa kimwili baadaye. Mwaka uliofuata, Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff wakatoa utafiti juu ya vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Walitangaza kabla ya kuanza jinsi watakavyochambua takwimu, wakawauliza wazazi na walezi kuhusu tabia ya kijana badala ya kumtegemea yeye mwenyewe, na kiwango cha vurugu wakakipima kwa lebo rasmi za magemu. Hawakupata uhusiano wowote.

Mimi nayasoma matokeo haya hivi: anayekataza kwa kuamini kwamba mtoto atageuka muuaji hana ushahidi mkononi, na anayesema hakuna athari ya aina yoyote naye amezidisha. Athari ya wastani, kama ipo, ni ndogo. Lakini hakuna anayelea mtoto wa wastani. Unamlea huyu uliye naye, ambaye pengine anashtuka upesi, au analala kama gogo hata baada ya kuona kila kitu, au siku hizi ana ugomvi shuleni. Kumtazama yeye saa moja baada ya mchezo kutakufundisha mambo ambayo uchambuzi wa watu 17,000 hauwezi kukwambia.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na hili. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza magemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake havitaji vurugu hata kidogo. Vinazungumzia mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mtoto anaweza kufikia hapo kwa gemu la mpira wa miguu lisilo na tone la damu.

Vurugu zenyewe hazilingani

Kabla ya kuchagua njia, angalia gemu. Neno "vurugu" linafunika vitu vilivyo mbali sana. Katika Minecraft mtoto hupiga mazombi na buibui walioundwa kwa miraba, na kuna hali ya utulivu ambayo ukiiwasha maadui hao hawatokei kabisa. Katika Fortnite watu hupigana kwa bunduki, lakini damu haionekani na aliyeshindwa hutoweka. Grand Theft Auto V ina sehemu ambapo mchezaji mwenyewe anamtesa mtu aliyefungwa kwenye kiti. Ukiyatia haya yote katika kapu moja, mtoto atajua upesi kwamba hujui unachozungumza, na hapo neno lako limepoteza uzito.

Mfumo wa Ulaya wa kuweka lebo, PEGI, una vipimo ambavyo mzazi yeyote anaweza kuviazima hata kama gemu alilonalo halina lebo. Kwenye miaka 7 huruhusiwa vurugu za katuni zisizo na uhalisia. Kwenye 12 vurugu dhidi ya viumbe wa kubuni zinaweza kuwa wazi zaidi, na dhidi ya wahusika wanaofanana na binadamu zisiwe za kihalisia. Kwenye 16 kupigwa na kufa kunaonekana kama kulivyo katika maisha ya kweli. Kwenye 18 kuna ukatili wa kupindukia, mauaji yasiyo na sababu, au kuumizwa kwa wasioweza kujitetea.

Kipimo hiki cha mwisho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihesabu damu. Kinauliza nani anaumizwa na kwa nini. Mimi ningeongeza swali la tatu: gemu linamzawadia nini mchezaji? Kuna magemu yanayotoa alama kwa kuokoa na kwa kukwepa, na kuna yanayotoa alama kwa kumaliza watu tu. Dakika ishirini za kutazama zinatosha kujua liko upande gani.

Njia tano kwa muhtasari

| Njia | Inazuia nini vizuri | Inapigwa chenga wapi |
|---|---|---|
| Kukataza kabisa | Hofu na picha za kutisha kwa watoto wadogo | Kwa marafiki, kwenye simu za wengine, kwenye video za watu wakicheza |
| Kufuata lebo ya umri | Maudhui mazito ya damu, ngono na lugha chafu | Mazungumzo ya mtandaoni. Magemu yanayonunuliwa na mtu mzima |
| Kuweka muda | Kukosa usingizi, masomo kudorora | Haibadilishi maudhui hata kidogo |
| Vifungo vya kwenye mashine | Ununuzi, watu baki, magemu ya umri mkubwa | Akaunti ya pili, nywila iliyojulikana, kifaa kingine |
| Kukaa naye na kuzungumza | Namna mtoto anavyokielewa anachokiona | Inahitaji muda wako, na haimfai mtoto mdogo kwa gemu la wakubwa |

Kukataza kabisa

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba sioni haja ya mjadala mrefu. Hajajifunza vizuri kutenganisha cha kubuni na cha kweli, hofu humganda, na hana hoja ya kujitetea kwa kile alichokiona. Kumwambia "hili ni la wakubwa" kunatosha, na wengi wa umri huo hukubali wakipewa kitu kingine cha kucheza. Kwa walio chini ya miaka mitano, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hata hauanzii kwenye maudhui: unataka mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Shida huanza mtoto anapokuwa na marafiki wenye simu. Kilichokatazwa hupata mvuto. Watafiti nchini Uholanzi walilipima jambo hili kwa watoto na vijana, na matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2009: lebo ya umri mkubwa na alama ya vurugu ziliwafanya walitamani gemu zaidi. Kwangu hiyo haitoshi kuwa sababu ya kuacha kukataza. Ni sababu ya kukataza kwa kueleza, na ya kuchagua machache ya kukataza.

Hasara kubwa zaidi ya katazo la jumla huja baadaye. Mtoto wa miaka 11 anayejua kwamba kugusa gemu lolote la bunduki ni kosa hatakuja kwako siku atakapoona kitu kilichomtisha kwa rafiki yake, wala siku mtu asiyemjua atakapomwomba picha ndani ya mchezo. Kusema ni kujishtaki. Njia yoyote inayomfunga mdomo mtoto ni ghali hata kama inafanya kazi siku saba kwa wiki.

Hata serikali zimejaribu njia hii na kukutana na matatizo yale yale. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza magemu ya mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa vitambulisho vya wazazi, na wengi wakahamia kwenye magemu ya simu ambayo sheria haikuyagusa. Mwaka 2021 serikali ikaamua kuifuta, na badala yake familia zikaachiwa mpango wa kuchagua saa zenyewe. China ilikwenda upande mwingine: tangu Septemba 2021 aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa magemu ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Tazama vizuri, nchi zote mbili zilibana saa. Hakuna aliyetumia sheria hizo kupima mtoto anaona nini.

Lebo ya umri

Lebo zilizaliwa kwenye ugomvi. Mwaka 1993 gemu la kupigana la Mortal Kombat liliingia majumbani katika matoleo mawili: la mashine ya Nintendo liliondolewa damu na kuwekwa kitu kama jasho, la Sega lilikuwa na damu iliyofunguliwa kwa kubonyeza vitufe vya siri. Toleo la damu likauzika zaidi. Desemba mwaka huo Baraza la Seneti la Marekani likaitisha vikao, maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl wakiwa mbele, na mwaka 1994 kampuni za magemu zikaunda bodi ya ESRB ili zisiwekewe sheria na serikali. PEGI ya Ulaya ikafuata mwaka 2003.

Mifumo hii miwili ndiyo mtu atakayokutana nayo zaidi. ESRB hutumia herufi: E ni ya wote, E10+ kuanzia miaka kumi, T kuanzia 13, M kuanzia 17, na AO ni ya watu wazima tu. PEGI hutumia namba: 3, 7, 12, 16 na 18. Ukipakua kwenye simu ya Android kupitia Google Play, namba au herufi hutoka kwenye mfumo wa pamoja uitwao IARC, ulioanza mwaka 2013: mtengenezaji hujibu maswali kuhusu gemu lake, kisha kila eneo hupata lebo inayolingana na taratibu zake. Ndiyo maana gemu moja linaweza kuonyesha 12 mahali pamoja na T mahali pengine. Fortnite ni mfano.

Kati ya hizi mbili, PEGI humrahisishia mzazi kwa sababu namba inasomeka bila maelezo. ESRB nayo hutoa muhtasari wa maandishi kwa magemu mengi, unaosimulia hasa mchezaji anafanya nini na damu inaonekana vipi. Nikitakiwa kuchagua nasoma namba ya PEGI kwanza, kisha muhtasari wa ESRB. Picha ndogo za maelezo pembeni ya lebo, zile za ngumi, buibui na mengineyo, zisipuuzwe. Gemu la 16 linaweza kufika hapo kwa lugha chafu na si kwa damu, na pengine nyumbani kwenu moja kati ya hayo linawasumbua kuliko jingine.

Kuna mambo mawili ambayo lebo haisemi. Kwanza, haisemi gemu ni rahisi au gumu. Wapo wanaoiona namba 7 wakadhani ni la kitoto, na namba 18 wakadhani mtoto wao mwerevu ameliweza. Pili, na hili ni zito zaidi, haipimi wachezaji wengine watasema nini. ESRB huandika wazi kwamba mawasiliano ya mtandaoni hayakupimwa. Gemu la E lenye mazungumzo ya sauti linaweza kumfikishia mtoto matusi ambayo gemu la M la mchezaji mmoja halina.

Nguvu ya kisheria nayo inatofautiana. Uingereza, tangu Julai 2012, ni kosa kumuuzia mtoto gemu la PEGI 12, 16 au 18 kama hajafika umri huo. Marekani jimbo la California lilijaribu kwa sheria ya mwaka 2005, lakini Juni 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitupilia mbali kwa kura saba dhidi ya mbili, jaji Antonin Scalia akiandika kwamba magemu yana ulinzi wa uhuru wa kujieleza kama vilivyo vitabu. Kote kuwili mlango mmoja umebaki wazi: mtu mzima akinunua na kumpa mtoto, lebo imeisha kazi.

Kuweka muda

Hapa napita haraka, kwa sababu muda ni dawa ya ugonjwa mwingine. Nusu saa ya kumtesa mtu kwenye skrini haigeuki kuwa salama kwa sababu ni nusu saa. Lakini kama tatizo lenu ni usingizi na masomo, muda ndio jibu, na kifaa kisilale chumbani kwa mtoto.

Neno moja la kiutendaji. Magemu ya mashindano huenda kwa mechi, na mechi moja ya watu mia wanaotoana hadi abaki mmoja yaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Ukizima katikati unawaangusha wenzake wa timu, na hasira utakayoiona haina uhusiano na damu wala bunduki. Hesabu mechi badala ya dakika: "mechi mbili, kisha unazima." Ugomvi mwingi wa jioni huishia hapo.

Vifungo vya kwenye mashine

Konsoli, yaani mashine za magemu kama Nintendo Switch, PlayStation na Xbox, simu za Android kupitia Family Link na za Apple kupitia sehemu ya Muda wa Skrini (Screen Time), zote humruhusu mzazi kuweka umri wa juu wa magemu, kuzuia ununuzi na kupanga saa, na konsoli humruhusu pia kuzima mazungumzo. Ni vya bure, na kuviweka kunachukua muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Sharti ni moja: akaunti ya mtoto iwe na mwaka wake halisi wa kuzaliwa. Watoto wengi hufungua akaunti kwa umri wa uongo, na wazazi wengi huwafungulia hivyo ili kuepuka usumbufu. Mashine ikiamini kwamba mtoto ana miaka 25, kila kifungo kingine ni danganya toto.

Kama una nguvu ya kuweka kifungo kimoja tu, zima mazungumzo na watu baki. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, mwenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya Marekani, FTC. Kati ya hizo, milioni 275 zilihusu faragha ya watoto, na moja ya malalamiko lilikuwa kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi yaliachwa yamewashwa tangu mwanzo, yakiwaunganisha watoto na wageni. Fikiria hilo unapofungua gemu jipya: usidhani lililowekwa kiwandani limewekwa kwa ajili ya mtoto.

Kifungo kingine kisichojulikana sana kimo ndani ya magemu yenyewe. Baadhi ya matoleo ya Call of Duty yana mpangilio wa kupunguza damu na matusi. Halitoki kuwa la 18 likawa la 12, lakini kwa kijana wa 16 au 17 mnayejadiliana naye, ni sehemu nzuri ya kukutana njiani.

Vifungo hushindwa pale pale kila mara: nywila aliyoiona ukiibonyeza, akaunti ya kaka yake, simu ya shangazi, na video. Hili la video wazazi hulisahau. Mtoto aliyenyimwa gemu la 18 anaweza kulitazama likichezwa mwanzo hadi mwisho kwenye YouTube, na kifungo cha konsoli hakijui.

Kukaa naye

Njia hii ndiyo inayochosha na ndiyo ninayoitetea zaidi. Sizungumzii kupita nyuma ya kiti na kuguna. Ninazungumzia kuchukua pedi ya pili ya kuchezea, ile yenye vitufe, kushindwa mara kadhaa, na kumwacha akufundishe. Mtoto anayekufundisha hueleza sheria za mchezo bila kuulizwa, na katika maelezo yake utasikia anachokiona cha kawaida na kinachomkera.

Maswali yanayofaa ni ya kutaka kujua kweli. Huyu tunayempiga amefanya nini? Ungeweza kupita bila kumpiga? Sehemu gani huipendi? Wenzako huongea hivi siku zote? Usianze na hotuba, kwani akishajua kila mechi inafuatwa na mahubiri atacheza usipokuwepo. Mkikuta jambo baya, liseme mara moja kwa ufupi na kwa jina lake: huku ni kumtesa mtu, na mimi sikubaliani nako hata kwenye mchezo. Kisha rudi kwenye mechi.

Konsoli ikae sebuleni. Mtoto mwenye vipokea sauti masikioni katika chumba kilichofungwa amekwishatoka nje ya nyumba, hata kama unamwona anapokuja kula. Chumba cha wote humfanya ajisikie yuko nyumbani na kukupa nafasi ya kusikia bila kupeleleza. Kama mchezo uko kwenye simu, kanuni ni ile ile: sauti itoke, na achezee mahali watu wanapopita.

Onyo lipo. Kukaa na mtoto wa miaka minane mkicheza gemu la 18 si malezi, ni kumpa kibali. Uwepo wako unamwambia kwamba kitu hicho ni sawa kwake. Njia hii inaanzia pale lebo inapoishia: ndani ya magemu yanayokaribia umri wake, ambamo kuna vurugu za kiasi na mambo ya kujadili.

Ushike ipi

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba: katazo, na magemu ya 3 tu. Kati ya saba na kumi: lebo ifuatwe bila msamaha, mazungumzo ya mtandaoni yazimwe, Minecraft na mengine ya aina hiyo yaruhusiwe, na ucheze naye mara kwa mara. Kati ya kumi na 13 ndipo shinikizo la marafiki linapopanda, na hapo ningekubali gemu la 12 kabla ya muda kidogo kwa mtoto aliyetulia, baada ya mimi kulicheza, lakini nisingekubali la 18 hata kama darasa zima linalo. Kuanzia 14 kuendelea, mjadala kuhusu gemu la 16 ni wa haki, na kijana aruhusiwe kushinda hoja mara nyingine.

Ila ukiona mtoto wa umri wowote anaota mambo ya gemu, anaogopa kulala peke yake, au ameanza kuiga mapigo kwa wadogo zake, shusha ngazi moja bila kungoja umri. Na kama ugomvi wake ulianza kabla ya gemu, chunguza shule na nyumbani kwanza. Ni rahisi kuizima konsoli na kuliacha tatizo likiendelea uwanjani.

Zungumza pia na wazazi wa rafiki anakoshinda, kwa heshima na bila kuwafundisha kulea. Sema tu kwamba wako hachezi magemu ya 18, uwaulize kwao huchezwa nini. Wengi hushukuru kuulizwa, kwa kuwa nao walikuwa wakijiuliza hivyo hivyo.

Na kama mtoto wa miaka kumi tayari anacheza gemu la wakubwa, usilifute usiku akiwa amelala. Mwambie mchana, mweleze ni sehemu gani imekufanya uamue, na mwambie ni umri gani atarudishiwa. Akaunti yake usiifute; maendeleo aliyoyafikia ameyatolea jasho, na kuyafuta ni adhabu kwa kosa ambalo si lake, kwani gemu aliruhusiwa. Kisha tafuta kile alichokipenda ndani yake. Kama ni kulenga na kushinda kwa timu, Splatoon linampa vyote kwa kurusha rangi, na lina PEGI 7. Kama ni mbio na mashindano, Rocket League ni mpira unaochezwa kwa magari, PEGI 3. Mechi za kwanza cheza naye, na mazungumzo ya mtandaoni uyazime kabla hajagusa pedi.